Monita tatu za kuendeshea mbio: shika futikamba kabla ya pochi

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Shikamoo kaka. Niko Morogoro, naendesha gemu ya mbio za magari ya Assetto Corsa kwa usukani wa Logitech G29 nilioufunga kwenye meza ya sentimita 140. Nina monita moja ya inchi 27, pikseli 1920 kwa 1080, na kadi ya picha ya GTX 1660 Super. Rafiki yangu anauza monita mbili za inchi 24, nazo ni 1920 kwa 1080, kwa bei ya kirafiki. Nataka niziweke kulia na kushoto kwa hii yangu. Wengine wananiambia nisihangaike mpaka ninunue kadi mpya kwanza. Hela niliyonayo inatosha jambo moja. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Usichanganye hizo monita, na kadi usinunue. Kagua mbili za rafiki yako: zikiwa za modeli moja, zichukue, tafuta ya tatu ya modeli hiyohiyo, kisha uza hiyo ya inchi 27. Hela itakayosalia mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi. Huenda ukaona nakurudisha nyuma, maana unauza kikubwa ili ununue kidogo. Vumilia tupime pamoja.

Kwanza sababu ya kutaka monita tatu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua mengine yote. Chukua La Source, kona ya kwanza ya njia ya mbio ya Spa-Francorchamps kule Ubelgiji. Ni kona ya kulia inayokugeuza karibu uelekee ulikotoka. Kwenye gari la kweli, dereva akiwa bado amekanyaga breki, macho yake hayapo tena mbele ya boneti. Kichwa kimeshageuka kulia, kinatafuta ukingo wa ndani wa kona. Sasa rudi kwenye meza yako. Monita ya inchi 27 ikiwa sentimita 60 kutoka machoni inakufungulia nyuzi (digrii) 53 tu za dunia, wakati macho ya binadamu, pamoja na pembeni kabisa, yanapata karibu nyuzi 200. Ule ukingo wa ndani wa La Source, kwenye sekunde ile unayouhitaji, uko nje ya dirisha lako. Kwa hiyo unaikata kona kwa kukariri: ukiona bango fulani, breki, ukihesabu mbili, kata. Siku ukichelewa breki kwa mita tatu, ulichokariri hakikusaidii, kwa sababu ulikariri kona ukiwa mahali pengine. Mwenye monita tatu anageuza shingo na kuiona kona yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa gari lililokuja ubavuni. Wewe leo unaambiwa na mshale mwekundu kwamba kuna mtu kushoto. Mwenzako anaiona bampa yake imefika usawa wa mlango, na anajua amwachie nafasi kiasi gani.

Hiyo ndiyo kazi ya monita za pembeni. Si pambo, na wala hazipo ili picha iwe kubwa. Zipo ili kila kitu kiwe upande kilipo, kwa ukubwa kinaostahili. Ndiyo maana vipimo vinatangulia fedha.

Tuje kwenye kuchanganya. Kioo cha inchi 27 kina upana wa karibu sentimita 60 na kimo cha 33.6. Kioo kinachouzwa kama inchi 24 mara nyingi ni 23.8, upana wake sentimita 52.7 na kimo 29.6. Vyote viwili vina mistari 1080 ya pikseli kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo mtego ulipo. Nvidia Surround, yaani sehemu ya programu ya kadi yako inayounganisha monita ziwe kioo kimoja, itazikubali monita zako bila kulalamika, kwa sababu inachoangalia ni idadi ya pikseli, na idadi inalingana. Lakini chukua mstari mweupe wa kando ya njia unaotoka monita ya kati ukiwa kwenye mstari wa pikseli wa 900. Kwenye ya inchi 27, mstari huo uko sentimita 11.2 chini ya katikati ya kioo. Kwenye ya inchi 24, uko sentimita 9.9. Mstari wako mweupe utaruka zaidi ya sentimita moja pale unapovuka kutoka kioo hadi kioo, na kila unavyokaribia chini au juu kabisa mruko unaongezeka hadi kufika sentimita 2. Na kwenye mipangilio ya gemu kuna nafasi moja tu ya kuandika upana wa kioo. Gemu inaamini vioo vyako vitatu ni mapacha. Huna pa kuiambia vinginevyo.

Sasa ukubwa. Hapa watu wengi hupoteza hela, na ningeomba usome polepole. Dirisha ulilo nalo haliamuliwi na inchi, linaamuliwa na inchi pamoja na umbali wa jicho. Hesabu yake inafanyika kwenye kikokotoo cha simu: gawa nusu ya upana wa kioo kwa umbali kutoka jichoni, tafuta tanjenti kinyume (kitufe cha tan⁻¹), zidisha kwa mbili. Inchi 27 kwa sentimita 60 ni nyuzi 53. Inchi 24 kwa sentimita 53 ni nyuzi 53 zilezile. Ukisogea mbele sentimita 7, umeshapata monita ya inchi 27 bila kuilipia. Fanya na hesabu ya upande wa pili. Mtu ananunua monita tatu za inchi 32, anazipanga nyuma ya meza, usukani uko mbele yake, na vioo vinakuwa sentimita 90 kutoka machoni. Kila kioo kinampa nyuzi 43, vyote vitatu 129. Wewe na vile vya inchi 24 kwa sentimita 53 una 159. Ametumia pesa nyingi kuliko wewe, na anaona kidogo kuliko wewe.

Kwa nini wengi hawasogei? Kwa sababu ya usukani. G29 ina kina cha karibu sentimita 28 kutoka mbele hadi nyuma, na ukiifunga ukingoni mwa meza kisha ukaweka monita nyuma yake kwa miguu yake ya kiwandani, tayari uko sentimita 80 au 90. Miguu yenyewe ni mipana, hivyo monita za pembeni haziwezi kusogea bila miguu kugongana. Dawa ni monita ya kati ikae juu ya mwili wa usukani, si nyuma yake, ukingo wake wa chini upite sentimita chache tu juu ya boksi la G29. Hapo duara la usukani litaficha kipande cha chini cha kioo. Kiache kifichwe. Hata kwenye gari usukani unaficha sehemu ya dashibodi.

Hilo haliwezekani bila stendi inayojitegemea, na ndiyo maana nimesema hela ya kadi iende kwa fundi. Kuna sababu ya pili pia: usukani wenye mota unatikisa meza. Monita zikiwa juu ya meza hiyohiyo, kila ukipanda ukingo wa njia dunia nzima inatetemeka, si gari peke yake. Stendi isimame sakafuni, isiguse meza popote.

Kwa fundi omba hivi. Paipu za mraba za milimita 40, nguzo mbili na miguu mirefu inayokuja mbele ili stendi isipinduke, boriti moja ya kupita katikati, na mikono miwili ya pembeni iliyoshikwa kwa bawaba. Nasisitiza bawaba. Stendi yangu ya kwanza nilimwambia fundi achomelee mikono moja kwa moja kwa nyuzi 45, kwa kuwa picha nilizokuwa nimeziona zilionekana hivyo. Nilikuwa na vioo vya inchi 27 kwa sentimita 60, vilivyohitaji zaidi ya nyuzi 53. Miezi minne niliendesha shingo ikiniuma, nikigeuka kulia naona kioo kinanikwepa, nikabadilisha kila namba kwenye gemu isipokuwa ile ambayo ilikuwa ya chuma. Mwishowe tulikata kwa grainda, tukaweka bawaba za geti, zile nene za kupaka grisi, na boliti ya kukazia. Siku hiyohiyo maumivu yalikwisha. Kwa hiyo bawaba, na mahali bamba la monita linapofungwa kwenye mkono pawe na tundu refu badala ya tundu la duara, ili uweze kupandisha, kushusha na kusogeza kwa milimita kabla hujakaza.

Kabla hujampa rafiki yako hela, geuza zile monita uangalie mgongo. Unatafuta matundu manne ya boliti yanayofanya mraba, milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75 kwa baadhi ya zile ndogo. Mraba huo unaitwa VESA, na boliti zake kwa ukubwa huu kwa kawaida ni M4. Kuna monita za bei nafuu ambazo hazina matundu hayo kabisa. Hizo ziache hata akikupa bure, utazifunga kwa nini? Na boliti isizidi urefu. Ikiingia ndani kupita kiasi inagusa saketi nyuma ya kioo, na hapo umenunua kioo cheusi.

Meza yako ya sentimita 140 haina tatizo. Vioo vitatu vya inchi 24 vikiwa vimekunjwa hivyo vinakula upana wa sentimita 118 hivi, na ncha za pembeni zinakuja mbele yako kwa sentimita 42 au 43. Utahisi umeingia ndani ya kitu. Ndivyo inavyotakiwa, gari nalo ni chumba kidogo.

Sasa kadi. Wanaokuambia ununue kwanza hawasemi uongo kabisa, kazi inaongezeka kweli. Monita moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Tatu zina milioni 6.2. Kwa kulinganisha, kioo kimoja cha 4K kina milioni 8.3, na monita tatu za 2560 kwa 1440 zina milioni 11. Kwa hiyo ungeniambia unataka tatu za 1440, ningekuambia kweli, kadi kwanza. Lakini Assetto Corsa ni gemu ya mwaka 2014, ilitengenezwa na Kunos Simulazioni wa Italia, na 1660 Super ni kadi ya 2019. Kwa monita tatu za 1080 mtaelewana, ukikubali kupunguza anasa: vivuli, mwakisiko wa mandhari kwenye bodi la gari, ubora wa vioo vya kutazamia nyuma, na idadi ya magari yanayoendeshwa na kompyuta. Anza na magari 12, ukiona inapumua vizuri ongeza. Tarajia picha kwa sekunde zishuke hadi kati ya theluthi na nusu ya unazopata leo. Lengo lako liwe 60 zisizoyumba. Sitini za kutulia zinafundisha mguu wa breki kuliko 110 zinazodondoka hadi 45 kila kundi la magari linapoingia konani. Kumbuka na prosesa. Tutakachoiomba gemu ni kuchora dunia mara tatu, na hiyo si kazi ya kadi peke yake. Ukija kutamani Assetto Corsa Competizione, gemu nyingine ya Kunos haohao, hapo kadi hiyo itateseka, na mazungumzo ya kubadilisha yatakuwa na maana.

Kuhusu kadi kuna jambo moja la kuangalia leo: matundu yake ya nyuma. 1660 Super nyingi zina DisplayPort moja, HDMI moja na DVI-D moja. Nyingine zina DisplayPort tatu na HDMI moja. Zote zinafaa, na matundu ya aina tofauti yanaweza kutumika pamoja. Ila uwe makini na adapta. Ile ya bei rahisi inayotoka DisplayPort ya kadi kwenda HDMI ya monita inafanya kazi. Ya kinyume chake, kutoka HDMI ya kadi kwenda DisplayPort ya monita, haifanyi kazi kwa waya mtupu. Inahitaji kibadilishi chenye saketi ndani, mara nyingi kinachopewa umeme kwa USB. Zinafanana dukani na muuzaji hatakuambia. Na monita ya tatu usiichomeke kwenye tundu la madabodi. Hata kompyuta ikiiona, Surround haitaipokea.

Stendi ikishafika nyumbani, usiwashe chochote kwanza. Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa ukiendesha, mgongo umeegemea, mikono kwenye usukani, na umwite mtu akupimie kutoka pembeni ya jicho lako hadi kwenye kioo cha kati. Usijipimie mwenyewe. Ukishika futikamba mwenyewe lazima utainama mbele, na kuinama huko ni sentimita 8 au 10 za uongo. Sogeza stendi au kiti mpaka ifike 53. Kisha chukua pima maji ya fundi ujenzi, ulaze juu ya kioo cha kati mpaka tone litulie katikati. Kimo chake kiwe usawa wa macho, jicho likutane na katikati ya kioo au juu yake kidogo.

Kwa vya pembeni wala huna haja ya kipimo cha nyuzi. Unahitaji uzi. Funga uzi kwenye egemeo la kichwa kisha uuvute mbele mpaka pale macho yako yanapokuwa, msaidizi apashike hapo kwa vidole asipaachie. Kutoka kwenye vidole hivyo, uzi wa kwanza uende hadi katikati ya kioo cha kati. Ni sentimita 53. Ukate au uuwekee fundo. Sasa uhamishe uzi uleule hadi katikati ya kioo cha kulia, na zungusha bawaba mpaka fundo liguse kioo. Halafu kushoto. Uzi ukigusa katikati ya vioo vyote vitatu kwa urefu mmoja, vioo hivyo vinakutazama wewe. Ukipima nyuzi utakuta 53 au 54, hiyo moja inaongezwa na unene wa kingo za monita. Kaza boliti, kisha rudia pima maji kwenye kila kioo, maana kukaza kunapindisha.

Ndipo uwashe. Kwenye Windows hakikisha vioo vyote vitatu vina pikseli sawa na mapigo sawa. Kama kimoja ni hezi 75 na vingine 60, vyote viwe 60. Fungua paneli ya Nvidia, nenda sehemu ya Surround, weka tiki ya kuunganisha vioo, buruta picha za monita zikae kwa mpangilio wa mezani, uwashe. Kompyuta sasa itadhani ina kioo kimoja kirefu cha 5760 kwa 1080. Ungekuwa na kadi ya AMD, jambo hilohilo linaitwa Eyefinity, nao walimtangulia Nvidia kulileta, mwaka 2009.

Wengi huishia hapo. Wanafungua gemu, wanaona picha imejaa vioo vyote, wanafurahi. Lakini kinachoendelea ni kwamba gemu inachora kwa kamera moja kwenye karatasi moja bapa, kisha karatasi hiyo inatandazwa juu ya vioo vitatu ulivyovikunja. Tuseme umeiambia kamera hiyo ifungue nyuzi 150. Ukipiga hesabu utakuta kioo cha kati peke yake kimebanwa nyuzi 102, na kila cha pembeni kimepewa nyuzi 24 tu, zikavutwa kama unga wa chapati mpaka zijaze kioo kizima. Kwa hiyo mbele yako magari yamekuwa madogo na kona zinaonekana mbali kuliko zilivyo, na pembeni gari linalokupita linaonekana refu kama basi. Hiyo si monita tatu, hiyo ni monita moja iliyonyooshwa. Utafunga breki mapema au ukiwa umechelewa, na hutajua kwa nini.

Kwenye Assetto Corsa ingia mipangilio ya video, badilisha aina ya uchoraji kutoka skrini moja hadi skrini tatu. Sasa kuna kamera tatu, kila moja na kioo chake, na gemu inakuuliza vipimo: upana wa kioo, umbali wa jicho, nyuzi za vioo vya pembeni na unene wa kingo. Jibu ukweli. Upana ni wa sehemu inayowaka, si wa plastiki. Kingo pima kutoka pikseli ya mwisho ya kioo kimoja hadi pikseli ya kwanza ya kinachofuata, kwa milimita. Na marekebisho ya kingo yafanye mahali pamoja tu. Surround nayo inaweza kuyafanya. Ukiyaweka huko na kwenye gemu pia, unakata kingo mara mbili, na kipande cha dunia kinapotea kwenye kila kiungo. Mimi huacha Surround ikiwa sifuri, nakabidhi gemu. iRacing, gemu nyingine ya mbio, nayo inauliza vipimo hivihivi. Gemu isiyouliza popote, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya konsoli, elewa kwamba itakupa ile karatasi bapa. Hizo ziendeshe kwa kioo cha kati peke yake.

Baada ya hapo, jaribio. Ingia njiani peke yako bila magari mengine, simamisha gari sehemu iliyonyooka yenye ukuta au reli ya chuma pembeni, na uangalie reli hiyo inavyotoka kioo cha kati kuingia cha kulia. Ikipita imenyooka, umemaliza. Ikivunjika kama kiwiko pale kwenye kiungo, nyuzi ulizoandika hazifanani na za chuma, au umbali haufanani na wa jicho. Ikiendelea kuelekea kulekule lakini imeruka hatua, angalia kingo kwanza; na kama upeo wa macho, ule mstari wa ardhi na anga, nao umeruka juu au chini, kioo kimoja kimekaa juu kuliko mwenzake, rudi kwenye pima maji. Tafuta kosa kwa mpangilio huo. Usibadilishe namba mbili kwa wakati mmoja.

Jaribio hili ulifanye ukiwa umeketi. Mwenzako aliyesimama nyuma ya kiti atakuambia reli imevunjika, na kwa alipo anaona sawasawa. Picha hii imechorwa kwa ajili ya jicho moja mahali pamoja. Hata ukiipiga picha kwa simu kutoka mlangoni itaonekana mbovu, kwa hiyo usiwaonyeshe watu halafu ukavunjika moyo kwa maoni yao.

Kuna mambo madogo. Monita zilizotumika, hata za modeli moja, huwa hazilingani kwa mwangaza, yenye saa nyingi inafifia. Zifungulie ukurasa mweupe zote tatu, shusha zile zinazong'aa zifanane na iliyofifia zaidi, kisha rangi kwa jicho. Zikiwa za aina ya kioo inayoitwa IPS, rangi hazitakusumbua ukitazama kwa pembeni. Zikiwa za aina ya TN utaona kivuli juu na chini, ila kwa kuwa vioo vinakutazama usoni itavumilika. Vioo vilivyopinda achana navyo kwa kazi hii, kwa sababu gemu inachora ikidhani kioo ni bapa. Na umeme: monita tatu za aina hiyo zinakula wati 75 hivi kwa pamoja, si mzigo, lakini zote na kompyuta zipite kwenye UPS, kwa kuwa umeme unaporudi kwa kishindo huwa hauchagui cha kuunguza.

Siku tatu nne za mwanzo utahisi gari limepungua kasi. Kioo cha kati sasa kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, hakuna tena ule mvuto wa picha pana uliokuwa unakudanganya kwamba unaruka. Muda wako wa mzunguko unaweza hata kuongezeka. Usirudishe namba za zamani. Mwendo utausoma pembeni, kwenye nyasi na reli zinazopita kwenye vioo vya kulia na kushoto, na mwili utazoea wenyewe. Ukisikia kizunguzungu, simama papo hapo, usijikaze. Anza na dakika 15 kwa siku, na hakikisha picha kwa sekunde haziyumbi, kwa sababu kuyumba huko ndiko kunakochafua tumbo kuliko upana wenyewe. Kisha nenda Spa. Ukifika La Source, kanyaga breki, na kabla hujagusa usukani geuza shingo kulia. Ukingo wa ndani utakuwa kwenye kioo cha kulia, unakusubiri.